Wadogo zangu wa sekondari, msikimbie Hesabu

Makamanda, kila siku tunailalamikia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Sawa. Lakini simu ya mwenzetu ikifikishwa mahakamani kama kielelezo, nani upande wetu anajua kuhoji ilinakiliwaje, ilipita mikononi mwa nani, na kama faili limechezewa? Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Sababu mojawapo, tume haikufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Kusoma ushahidi wa aina hiyo ni kazi, na inasomewa: UDOM wana shahada yake. Kwa hiyo wewe wa kidato cha pili, kaza Hesabu na Fizikia. Mawakili tunao. Wa kuzisoma seva ndio nawatafuta.