Visikilizio vya Masikioni: Kuziba Kwanza, Nguvu Baadaye

Mnunuzi wa visikilizio vya masikioni, vile ambavyo vijana huviita iafoni, huwa na swali moja tu mbele ya meza ya mchuuzi: "Ipi ina besi nzito?" Mchuuzi naye humjaribishia ile yenye kelele kuliko zote, biashara ikaisha. Swali hilo si swali sahihi. Gharama yake hailipwi siku ile ya kununua, bali hulipwa na sikio baada ya miaka mingi, wakati ambapo hakuna fundi awezaye kulitengeneza.

Chukua safari ya Ugweno, katika milima ya Upare ya kaskazini. Gari litokalo mjini Mwanga hupanda mlima kupitia Kikweni kwa gia nzito, injini ikinguruma, vioo vikitetemeka na upepo ukivuma dirishani. Na mara nyingi redio ya dereva nayo haikunyamaza. Mwanafunzi arudiye likizo Kifula au Shighatini hutia visikilizio masikioni ili asikie muziki wake mwenyewe badala ya ule wa dereva. Ikiwa visikilizio vyake ni vya ile plastiki ngumu ambayo huegemea tu mlangoni pa sikio, ngurumo zote hupenya pembeni. Hapo hana njia ila kuongeza sauti mpaka muziki uzishinde ngurumo. Sikio basi hubeba mizigo miwili kwa pamoja, wa gari na wa muziki.

Kwamba kelele ya kila siku huua usikivu si habari mpya. Ugweno ilikuwa nchi ya wahunzi: kabla ya Wasuya kutwaa utawala, wenye nguvu huko walikuwa Washana, ukoo wa wafua chuma, kama alivyoeleza mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotolewa mwaka 1969. Kazi ya mhunzi ni nyundo juu ya fuawe. Kuhusu kazi ya namna hiyo, daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika mwaka 1700 kwamba wafua shaba wa Venice walidhoofika masikio kwa ule mgongano usiokoma, na uzeeni wakawa viziwi. Hata hivyo nyundo ilipumzika jua lilipotua. Simu iliyojaa nyimbo haina machweo, na ndiyo maana hatari iliyokuwa ya mafundi wachache sasa imewafikia vijana wa shule.

Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma yake, mna kiungo kilichojipinda mfano wa kombe la konokono, kiitwacho koklea. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana, na kazi yake ni kugeuza mitetemo ya sauti kuwa ishara za neva ziendazo kwenye ubongo. Sauti kubwa mno huvichosha vinyweleo hivyo. Ndiyo sababu ya ule mlio wa "nyiii" anaousikia mtu atokapo kwenye dansi. Wakichoka mara kwa mara bila kupumzishwa, watumishi hao wadogo hufa. Kuku akipoteza seli hizo huotesha nyingine. Binadamu hawezi.

Madhara huanza mara nyingi kwenye sauti nyembamba, hasa zile za mitetemo 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde. Sauti za namna hiyo ndizo zinazotenganisha s na f, au f na sh. Kijana aliyedhurika husikia kwamba mwalimu anasema, lakini hajui kama amesema "fika" au "shika". Huambiwa hana makini, naye huenda akaamini hivyo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo ambacho mwanafunzi yeyote aweza kukikokotoa mwenyewe. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti huwa maradufu, na muda hauna budi kukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, na 98 hazifiki dakika 40 kwa juma zima. Kwa watoto kipimo huanza chini zaidi, kwenye desibeli 75.

Sasa tuseme ngurumo ndani ya gari ni desibeli 80, na msikilizaji apenda muziki uzidi ngurumo kwa desibeli 9. Kwa visikilizio visivyoziba atafika 89, na haki yake ya juma itakwisha kwa saa 5. Kwa visikilizio vinavyoziba na kupunguza ngurumo kwa desibeli 15, ngurumo zitakazoingia ni 65, na muziki uleule, kwa ladha ileile, utatosheka na 74. Tofauti hiyo haikuletwa na mtambo wowote. Imeletwa na kipande cha mpira au sponji chenye ukubwa wa punje ya harage.

Jambo linalofahamika kwa wachache ni kwamba hata hiyo besi inayotafutwa kwa juhudi hutokana zaidi na kuziba kuliko na nguvu. Kisikilizio kikikaza vizuri, hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio husukumwa na kuvutwa yote, na sauti nzito husikika barabara. Pakiwa na upenyo, hewa hutoroka na besi hutoroka nayo, jinsi pampu ya baiskeli yenye mpira uliochakaa isivyoweza kujaza tairi. Kwa hiyo mnunuzi aliyeuliza habari za besi huenda anayo tayari mfukoni, katika vile vizibo vya akiba vya ukubwa mbalimbali vinavyofungwa ndani ya boksi, ambavyo watu wengi hutupa pamoja na boksi lenyewe.

Vizibo hivyo ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Masikio hayafanani; hata la kulia na la kushoto la mtu mmoja huweza kutaka vizibo tofauti. Jaribio ni rahisi: muziki ukiwa mdogo, kisikilizio kisukumwe kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, kizibo hakikuziba, na chapasa kibadilishwe. Kizibo cha sponji hufinywa kwa vidole, huingizwa, kisha huachwa kivimbe chenyewe. Kwa kawaida huziba vizuri kuliko cha mpira, ila huchakaa upesi. Kisichoziba sikio hakifai, hata kama kina jina kubwa na bei ya kutisha.

Vipo pia visikilizio vinavyofuta kelele kwa umeme. Wazo lake ni la zamani: Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1936. Kinasa sauti kidogo husikia ngurumo, na mtambo hutoa mawimbi ya kinyume chake ili yauane. Njia hii yafaa sana kwa ngurumo nzito za injini, ambazo kizibo peke yake hakizizuii vya kutosha. Kwa sauti nyembamba, kizibo ndicho mwamuzi. Visikilizio hivyo huhitaji betri na fedha nyingi zaidi, na vikiwa havikukaza sikioni, umeme wake hauokoi kitu. Mwenye fedha avinunue, lakini mwenye fedha kidogo asidhani amenyimwa kinga.

Wapo watakaosema kwamba kijana aliyeziba masikio haitiki anapoitwa, na kwamba mzee aweza kuingia garini asipate shikamoo. Hoja hiyo ni ya haki. Nzito zaidi ni ile ya barabarani: kwenye kona za mlima ule, atembeaye kwa miguu huisikia bodaboda kabla hajaiona. Kizibo ni cha aliyeketi ndani ya gari au nyumbani. Anayeshuka na kushika njia hana budi kukitia mfukoni. Mwenye sikio linalotoa usaha naye asizibe kabisa mpaka atibiwe, na vizibo visiazimwe, kwa kuwa husafiri na uchafu wa masikio.

Shule nyingi hukataza simu, na zina sababu zake. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mwanafunzi hujifunza kusikiliza muziki wakati wa likizo, mbali na mwalimu, akifundishwa na mchuuzi. Mwalimu wa fizikia anaye nafasi katika somo la mawimbi. Aweza kutumia simu yake yenye programu ya kupima sauti, ambayo si sahihi kama chombo cha maabara lakini yatosha kwa kulinganisha: asome kipimo ubaoni darasa likiwa kimya, kisha likisema wote pamoja, kisha achukue kipimo cha gari siku aendapo Mwanga. Tarakimu hizo wanafunzi wazigawe wenyewe kwa kanuni ya desibeli 3, na kila mmoja akokotoe saa zake za juma.