Mume na Siri ya Hofu Yake

Tangu Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ilipohukumu, tarehe 9 Februari 2022, kwamba Uganda iilipe nchi yetu ya Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na mfuko wa kuigawa fidia hiyo, FRIVAO, ukawekwa makao yake hapa Kisangani, waathiriwa wametakiwa kuleta ushahidi na kueleza mambo ambayo wengi wameyanyamazia tangu ile Vita ya Siku Sita ya Juni 2000: kombora liliangukia wapi, nani alifariki, nani alibaki na kilema. Linalonihuzunisha ni kwamba mwanamume huweza kumsimulia karani asiyemjua habari ambayo mkewe, aliyelala naye miaka yote hii na kumsikia akiweweseka usiku, hajapata kuambiwa hata siku moja. Fungu la mke limekuwa ghadhabu ya mumewe tu.

Wala si vita peke yake vinavyomfanya mwanamume afiche hofu yake. Huko Masako, kwenye barabara ya zamani ya Buta, ambako riziki hutoka katika shamba la muhogo na tanuri la makaa, mume aliyekosa fedha hupitia kwanza penye pombe ya lotoko, kisha huingia nyumbani kwa makelele ili asiulizwe kitu, na mwanawe wa kiume akiyatazama hayo huamini kwamba huo ndio urijali.

Sheria ya Familia ya 1987 ilimsitiri mume wa namna hiyo, kwa kuwa mke hakuweza kufunga mkataba mbele ya sheria bila ya idhini yake. Marekebisho ya Julai 2016 yaliifuta idhini hiyo, ingawa ukuu wa nyumba ulibaki kwa mume. Heshima iliyokuwa ikilindwa na karatasi sasa haina budi kutafutwa kwa ukweli na upole, na hilo, kwa yakini, ni zito kuliko kuamrisha.

Wapo wasemao kwamba mwanamke humdharau mume akiriye hofu yake. Siafiki hata kidogo: mama anayeyapeleka makaa sokoni mjini anajua bei yake, anajua na deni la dukani, na kinachomuumiza ni kufanywa mgeni katika shida iliyo yake pia. Huko Kivu, katika vikundi vya Living Peace, wanaume walioonja vita wameketi pamoja wakayatamka waliyoyaficha, na sioni kwa nini mkoa wetu wa Tshopo usifanye vivyo hivyo.

Nawasihi basi wazee wetu. Kijana anapokuja kuposa mnamuuliza habari ya mahari, nayo ni haki, maana sheria yenyewe inaitaka. Lakini muulizeni pia, mbele ya binti, siku atakaporudi mikono mitupu atamwambia nini mkewe, na msiipokee mali yake mpaka amejibu.