Nazi Moja, Jumapili Nzima

Katika nyumba nyingi za mijini Jumapili ni siku ya taabu kwa mama na siku ya uchovu kwa mtoto. Mama yumo jikoni tangu asubuhi, baba amekwenda kuzungumza na wenzake barazani, na mtoto wa miaka 5 yuko katikati, hana kazi wala hana mchezo. Akisogea jikoni huambiwa, "Toka hapa, utaungua." Akigusa ungo huambiwa, "Usituchezee mchele." Mwishowe hupewa simu ya mkononi ili anyamaze, naye hunyamaza. Jumapili hiyo hupita, na nyingine hupita, hata mtoto akatimiza miaka 12. Hapo ndipo wazazi hushangaa kuona kwamba binti hajui kuchuja tui, kijana hajui kushika ufagio, na kila wakiagizwa hununa.

Jambo hilo halina ajabu. Mtu aliyefukuzwa kwenye kazi miaka yote hawezi kuipenda kwa kuamriwa siku moja. Mtoto mdogo hupenda kazi kwa tabia yake: akimwona mama anafagia, hutaka ufagio, akimwona baba anagonga msumari, hutaka nyundo. Umri huo wa hamu, baina ya miaka 3 na 8, ni mfupi, na ukipita haurudi. Wazee hawakukosea waliposema samaki mkunje angali mbichi.

Ushauri wetu wa leo ni mmoja tu: mpeni mtoto kazi ya kweli. Kazi ya kweli ni ile ambayo isipofanywa itajulikana kwamba haikufanywa. Kumpa mtoto sufuria tupu akoroge hewa ni kumchezesha, naye huchoka upesi kwa kuwa anajua kwamba anadanganywa. Kumpa mchele auchambue, mchele ambao watu wa nyumba watakula, na akiacha jiwe mmoja wao atalitafuna, hiyo ni kazi.

Ili maneno haya yasibaki hewani, tumechagua kitu kimoja ambacho chaweza kushughulisha familia tangu asubuhi hadi jioni kwa gharama ndogo. Kitu hicho ni nazi.

Kabla ya kuivunja

Siku hizi sokoni twauziwa nazi iliyokwisha kukunwa kwa mashine, na madukani limo tui la kopo. Vyote vyaokoa muda, wala hatumlaumu mama aliyechoka akivinunua. Lakini kwa Jumapili hii nunueni nazi nzima, na ikiwezekana ombeni pia kuti bichi.

Mketisheni mtoto aishike nazi. Aitikise karibu na sikio asikie maji yakicheza ndani. Mwelezeni kwamba tunda hilo limekaa mtini kiasi cha mwaka mmoja tangu ua kuchanua hadi kukomaa, na kwamba kila hatua ya safari hiyo ina jina lake katika Kiswahili: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, na mwisho nazi. Mnazi huweza kuzaa hatua zote hizo kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye mnazi hangoji msimu. Mtoto anayejua majina hayo sita amepata urithi ambao hauwezi kuibwa.

Kisha mwonyesheni macho matatu ya nazi. Mawili ni magumu, moja ni laini, na ndilo njia ya chipukizi. Mpeni njiti alitafute mwenyewe jicho hilo laini. Mkibahatika kupata nazi iliyoanza kuchipua, ndani mtakuta joya, ile sponji nyeupe ambayo watoto wa pwani huigombania.

Jikoni

Kazi ya kuvunja nazi ni ya mtu mzima, na twapendekeza awe baba. Aigonge katikati kwa mgongo wa panga huku akiizungusha, ili ipasuke vipande viwili sawa. Mtoto ashike bakuli la kukingia maji.

Tutapika vitumbua. Kwa familia ya watu 6 yahitajika mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na nusu, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki punje chache, chumvi kidogo sana, na mafuta ya kupikia. Mchele uoshwe na kulowekwa tangu Jumamosi usiku.

Kazi zigawanywe kwa umri. Mtoto wa miaka 3 au 4 achambue mchele kwenye ungo siku ya Jumamosi kabla haujalowekwa, na atoe mawe na chuya huku akiyahesabu. Wa miaka 5 au 6 atwange iliki katika kinu kidogo, kisha akamue tui. Kama nyumbani hamna kifumbu, kitambaa safi chatosha. Kwanza nazi iliyokunwa ikamuliwe kwa maji kidogo ya uvuguvugu ili lipatikane tui zito, halafu yaongezwe maji kwa ajili ya tui jepesi, ambalo litafaa kwa mboga ya mchana. Machicha yasitupwe, kuku watashukuru. Wa miaka 7 au 8 akae juu ya mbuzi na kukuna nazi, mtu mzima akiwa ameinama kando yake, kwa kuwa meno ya mbuzi ni makali wala hayachagui kidole. Afundishwe kuacha nyama ya nazi ikiwa imebaki nyembamba kifuuni, asiing'ang'anie.

Mchele usagwe pamoja na tui mpaka ulainike kabisa. Mwenye mashine ya umeme ataitumia hiyo. Asiye nayo atautwanga mchele uliolowekwa, auchekeche, kisha auchanganye na tui. Tieni sukari, hamira, iliki na chumvi, koroga, funika, na uache kwa muda wa saa moja hivi hadi uumuke. Mtoto apewe kazi ya kuchungulia mara kwa mara na kutoa habari. Povu likijaa juu, rojo iko tayari. Tieni mafuta kidogo katika kila shimo la chuma cha vitumbua, mimina rojo, na ukingo ukigeuka hudhurungi, geuza.

Hapa kwenye moto twasema bila kusitasita: kumimina na kugeuza si kazi ya mtoto mdogo. Chora duara kwa chaki au mkaa, hatua mbili kulizunguka jiko, na umweleze kwamba ndani ya mstari huo anaingia mtu mzima tu. Mtoto aliyeonyeshwa mpaka na kuelezwa sababu huuheshimu kuliko yule anayefukuzwa kwa kelele, kwa maana aliyefukuzwa hurudi kwa siri wakati mama amegeuka. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Ajali ikitokea, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe kwenye zahanati au hospitali. Dawa ya meno, unga na mafuta ya taa havitibu jeraha la moto, vyaweza kulizidisha. Tena, mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe kipande kigumu cha nazi akitafune peke yake, kwani chaweza kumkaba.

Je, na mtoto wa kiume? Wapo wazazi wasemao jikoni si mahali pake. Wazazi hao hao, wakitoka jioni, hununua chipsi kwa kijana, nyama choma kwa mwanamume na pilau ya harusi iliyopikwa na mpishi mwanamume. Ikiwa upishi ni kazi ya heshima panapokuwa na ujira, hauwezi kuwa aibu panapokuwa na mama aliyechoka. Wavulana na wasichana wapewe kazi sawasawa, na baba awe wa kwanza kuonyesha mfano.

Uani

Chai ikisha kunywewa, vifuu viwili bado vipo na kuti linangoja. Vifuu visuguliwe kwa msasa ndani na nje mpaka ving'are. Kazi hii huchukua muda mrefu na ndiyo faida yake, kwa sababu mtoto huona kitu kikibadilika polepole mikononi mwake. Kimoja kitawekwa penseli. Cha pili baba akitoboe tundu mbili kwenye ukingo na kukitia mpini, kiwe upawa wa kutekea maji au mchuzi.

Kwenye kuti, chaneni jani moja na kulitenga na njiti yake. Kateni kipande chenye urefu wa kiganja na upana wa vidole viwili. Toboeni katikati tundu kubwa kidogo kuliko njiti. Ncha moja ya jani ipindwe kidogo upande huu, ya pili upande wa pili, kisha pitisheni njiti tunduni na kuichomeka katika kipande cha bua au cha mti wa mhogo, ambao kiini chake ni laini. Mtoto akikimbia nalo, pangaboi litazunguka. Lisipozunguka, msimtengenezee. Mwulizeni, "Ncha zako umezipinda vipi?" Akizipinda zote upande mmoja, upepo hausukumi kitu, akizipinda kinyume, linazunguka. Hilo ni somo la sayansi, nalo litamkaa kuliko lile la ubaoni.

Njiti zinazobaki zisitupwe. Zikusanywe, zisawazishwe na kufungwa kwa kamba, nazo zitakuwa ufagio wa chelewa wenye kimo cha mtoto mwenyewe. Naam, mwenye ufagio wake huufagilia uchafu wake. Uani pasafishwe na yeye, polepole, hata kama mama angeweza kupasafisha kwa dakika tatu.

Wasomaji wetu wa bara wasione kwamba tumewasahau. Migomba ya Bukoba na Moshi hutoa majani makavu ya kufungia mpira, na mabua ya mtama ya Dodoma na Singida hutengeneza gari lenye magurudumu manne. Mahali pa tui, karanga zilizotwangwa zitafanya kazi nzuri kwenye mboga. Nazi ni mfano tu. Kila mahali pana mti wake.

Matembezi

Jua likipungua ukali, kwa wakazi wa Dar es Salaam twapendekeza Kijiji cha Makumbusho kilichoko Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo, karibu na kituo cha daladala chenye jina hilo hilo. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1967, na ndani yake zimo nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Ulizeni mapema kiingilio na saa za ngoma. Chukueni maji ya kunywa yaliyochemshwa na vitumbua vilivyobaki, na kila mtoto mdogo awe na mkono wa mtu mzima wa kuushika, hasa wakati wa kuvuka barabara.

Msimkimbize mtoto ili aone kila kitu. Nyumba tatu au nne zatosha, na kila moja ipewe swali moja: imejengwa kwa nini? Katika tembe la Wagogo ataona paa la bapa lililosakafiwa kwa udongo, kwa sababu nchi ile ni kavu na mvua ni chache. Katika msonge wa Wahaya ataona nyasi zikishuka kutoka kileleni, kwa sababu kandokando ya Ziwa Viktoria mvua ni nyingi na maji yapaswa kuteremka upesi. Halafu mfikisheni kwenye nyumba ya pwani, mwambieni aangalie paa, nanyi mnyamaze. Mtoto aliyeshinda na kuti mkononi atatambua mwenyewe kwamba makuti yale ni ndugu wa pangaboi lake. Atajua pia, bila kuhutubiwa, kwamba watu waliojenga nyumba hizo hawakuwa wajinga. Walitazama walichonacho, wakakitumia.

Mkirejea nyumbani, mtoto amsimulie bibi, babu au jirani aliyoyaona. Msimrekebishe kila neno. Kusimulia nako ni kazi ya kweli, kwa sababu aliyebaki nyumbani hakuona.

Hatuwadanganyi wasomaji kwamba siku ya namna hii ni nyepesi. Mchele utamwagika. Tui litachelewa, na kitumbua cha kwanza kitashika chuma. Mama atatamani mara kumi kumnyang'anya mtoto kinu amalize mwenyewe. Avumilie. Mtoto anayesikia mezani, "Iliki hii ameitwanga fulani," huketi wima akijua kwamba nyumba hii inamhitaji. Anayeambiwa kila siku atoke njiani hujifunza neno hilo pia, na akikua hutoka kweli. Na wakati huo wazazi ndio watakaokuwa wanamhitaji.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumzia mavazi ya watoto wakati wa masika. Kwa leo, chambueni mchele wenu mapema.