Neno "Yapata" Si la Wakubwa Peke Yao

Mwaka jana mtu mwema alituletea sanduku la vitabu hapa Old Kampala, kwenye chumba tunachokutania Jumamosi kusoma. Nasema mtu mwema, na sina kejeli. Vyote vilikuwa vitabu vya maisha ya watu mashuhuri: marais, wanariadha, matajiri waliotoka chini. Akatuambia, "Someni, mtapata moyo."

Tumesoma. Lakini moyo tulikuwa nao tangu zamani. Mama asiye na moyo hatoki Fizi na watoto watatu akafika Kampala. Mimi vitabu vile vimenipa hasira, na nataka niieleze vizuri ili mtu asiseme sina shukrani.

Huwa nawakalimania watu wanapohojiwa. Siku moja nilikaa na mzee mmoja mbele ya meza ya ofisi fulani. Sitaitaja, wala haikuwa huku kilimani.

"Mzee, ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Yapata mwaka ule mto ulipochukua daraja letu."

"Nataka tarehe."

Akaandikiwa Januari 1, kama wengi wetu. Ukizitazama karatasi zetu utadhani Kongo nzima watu huzaliwa sikukuu ya mwaka mpya. Hilo tulilicheka. Lililofuata halikuchekesha. Mara ya kwanza mzee alisema alikimbia kabla ya mavuno, na mara ya pili akasema baada ya mavuno. Mwisho wa yote karatasi ikarudi: maelezo yake yanapingana, hayaaminiki. Basi. Miaka sabini na kitu ya mtu imefungwa kwa sababu ya muhogo.

Sasa turudi kwenye vitabu. Chukua Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye sisi wa mashariki ya Kongo hatuwezi kumsahau hata tukitaka. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Wajerumani wakayachapa mwanzoni mwa karne ya 20. Humo anasimulia jinsi alivyopata utawala wa Utetela. Alisikia habari za mabinti wa ukoo wa mtawala waliotekwa zamani, akadai kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao. Mzee Kasongo Rushie akampokea kama damu yake na kumwachia nchi. Kwa hiyo kisa cha kubuni kilimpa mtu utawala! Mwaka 1887 akawa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold. Na mwaka wake wa kuzaliwa je? Vitabu vinasema "yapata 1837". Yapata! Hakuna aliyelifunga faili lake. Wasomi wanakaa na kitabu chake, wanalinganisha, wanauliza kwa nini hapa alinyamaza na pale akajisifu. Wanasema ni hazina ya historia. Nami nakubali, ni hazina.

Au tusiende mbali. Kilima hiki tunachopanda kwenda kujiandikisha polisi, Kapteni Lugard alikipanda Desemba 1890 akajenga ngome yake. Januari 1892 vikapiganwa vita vya Mengo, na upande aliouunga mkono ukashinda. Wamisionari Wafaransa wakamlalamikia hadi Ulaya. Mwaka 1893 akatoa kitabu cha juzuu mbili, na ndani yake anajitetea kama mtu yeyote aliyeshtakiwa. Je, maelezo yake na ya Wakatoliki yalilingana? Hata kidogo. Je, aliambiwa haaminiki? Bwana yule alimalizia akiwa gavana wa Nigeria na kupewa ulodi.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Mkubwa akisahau, tunasema binadamu husahau. Akijipinga, tunasema maisha yake yalikuwa na mengi. Mkimbizi akisahau, ni mwongo. Kipimo ni kile kile cha kueleza maisha, ila kwetu kimewekewa meno.

Najua jibu mtakalonipa, ndugu zetu wa mashirika: "Kitabu ni kitabu, faili ni faili. Wapo wanaodanganya, na nafasi ni chache." Kweli wapo. Na nitasema hadharani jambo ambalo wenzangu watanichukia kwalo: tunao vijana wanaokariri kisa cha jirani kwa sababu kilipita, na kuacha chao cha kweli kwa sababu kina matundu. Nimewaona. Lakini angalieni tulichofundishana hapo. Kisa kisicho na tundu ndicho kinachopita, na kisa kisicho na tundu mara nyingi ni cha kukariri! Mtu aliyekimbia usiku hakumbuki Jumanne wala Jumatano. Anakumbuka kiatu kilichobaki matopeni. Anayetaka kuchuja ukweli na achuje, ndiyo kazi yake. Ila achuje kama msomaji mzuri anavyochuja: aulize kwa nini mavuno yalihama. Yule mzee angemjibu, maana alinijibu mimi nje, tukingoja boda: mahindi yalikuwa yameshavunwa, muhogo ulikuwa bado. Hakuulizwa.

Iko njia nyingine ya kuandika maisha ya mtu. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mtoto wa wafinyanzi wa Fumba, Unguja. Siti alizaliwa yapata 1880, mwaka ambao hakuna aliyeuandika wakati ule, kwani nani angehangaika na binti wa mfinyanzi? Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, na alifariki 1950. Shaaban Robert hakungoja cheti cha kuzaliwa ndipo aamini kwamba mwanamke huyu aliishi.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Kwenu wa mashirika: leteni vitabu, tunavipenda, lakini kabla hamjavileta visomeni nyinyi. Mkikuta "yapata", simameni hapo mkumbuke mliyemhoji asubuhi. Kwenu wenzangu wa Nakivale, Kyangwali na hapa mjini: acheni kusoma maisha ya wakubwa kama hirizi. Yasomeni kama mnavyohojiwa. Muulizeni Tippu Tip shahidi wake ni nani. Muulizeni Lugard majina ya wapagazi waliobeba mizigo yake kutoka pwani. Halafu chukueni daftari la shule, muandike yenu na matundu yake yote.

Mimi nimeanza na yule mzee. Kila Jumapili anasema, naandika. Juzi alinizuia mkono: "Mwanangu, hapo andika yapata. Sina hakika."

Nimeandika yapata. Na namwamini.