Nembo Si Pambo

Malenga wetu wa siku hizi wameipenda nembo kupita kiasi. Likishaisha jambo, likaisha umbo, likaisha na fumbo, huitwa nembo ije kuziba kina. Mara ni nembo ya mapenzi, mara tabasamu la mpenzi ndilo nembo. Nasema bila ya kumung'unya maneno: huko si kutunga, ni kujaza mizani.

Nembo kwa asili yake ni chanjo, chale ikatwayo juu ya ngozi ili mtu ajulikane ni wa watu gani. Wamakonde wa Msumbiji huziita dinembo zile chale za usoni, zilizokatwa kwa kisu kisha zikatiwa masizi ya mbarika. Pambo huvuliwa usiku likarudishwa sandukuni. Nembo mtu huzikwa nayo.

Nitajibiwa kwamba lugha hukua, na kwamba nembo ya leo ni ile ya Taifa. Sikatai. Mimi mwenyewe katika kufasiri, kila nikutanapo na ngao za koo za makabaila wa Ulaya, neno nilishikalo ni hilo hilo, kwani ngao zile nazo zilimjulisha mtu aliyefunikwa uso kwa chuma. Maana haijahama.

Lakini hao waisifuo nembo ya Taifa, je, wameitazama? Watu huiita Bibi na Bwana. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro, kila mmoja na pembe ya ndovu, na ngao i kati yao. Miguuni pa mwanamume pana mkarafuu. Miguuni pa mwanamke pana mpamba. Hapo ndipo penye shairi, nasi twapapita tukikimbilia kina! Msimu ukiingia hapa Pemba, ni nani akaaye mkekani usiku kuchambua karafuu na makonyo hata vidole vikafa ganzi? Mama zetu. Mwanamume hupanda juu, kweli, na wapo walioanguka wakavunjika. Ila mchoraji alimpa mwanamke pamba, zao la bara, na sijapata kusoma ubeti hata mmoja, wa Micheweni wala wa Mkoani, uliomuuliza kwa nini.

Kijana mmoja aliniletea shairi lililotaja nembo mara nne. Nikamwambia aitoe, pote aweke pambo. Kina kikabaki, na maana ikabaki vile vile. Alikasirika, akaondoka bila ya kuaga.

Baada ya miezi amerudi na beti tatu juu ya kovu la bibi yake, lililo kwenye kiwiko, la tawi la mkarafuu lililokatika naye. Nembo imetajwa mara moja, katika ubeti wa mwisho. Nilimwambia asiiguse.