Kilembe: Kwanza Safisheni

Mgodi wa shaba wa Kilembe, hapa Uganda magharibi, ulianza uzalishaji mwaka 1956, ukasimama mwaka 1982. Shaba ilisafirishwa, mabaki yenye shaba na kobalti yakaachwa kandokando ya mto Nyamwamba. Mto unapofurika, kama mwaka 2013 na 2020, huyazoa na kuyapeleka bondeni, kuelekea ziwa George. Leo wakubwa wetu wanazungumzia kuufufua mgodi. Nami nauliza: sumu ya zamani ataiondoa nani? Nasema mkataba wowote uanze na usafishaji: mabaki yahamishwe mbali na mto, maji na udongo vipimwe, wanakijiji waelezwe matokeo. Waliokula muwa wameondoka. Anayetaka kula mwingine azoe kwanza makapi.