Santuri ya Kwanza Iliyokataa Kuzeeka

Nagongera ni mji mdogo wilayani Tororo, ambako reli itokayo Mombasa hupita ikielekea Jinja na Kampala. Si ajabu kumkuta pale mtoto ambaye lugha ya mama yake ni Dhopadhola, wala hajapata kufundishwa Kiswahili darasani, na hata hivyo anaujua wimbo mmoja wa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo huo ni "Jambo Bwana". Ukimwuliza ni wa nani, atasema ni wa watalii, au wa Kenya. Jina la mtungaji halijui, na huenda baba yake pia halijui.

Mtungaji ni Teddy Kalanda Harrison wa pwani ya Kenya. Yeye na ndugu zake, miongoni mwao Billy Sarro, George Zirro na John Katana, walianza kupiga muziki mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success, kisha mwaka 1972 wakajiita Them Mushrooms, yaani Uyoga. Kazi yao ilikuwa ya hotelini. Usiku baada ya usiku walipiga magitaa mbele ya wageni kutoka Ulaya waliokuja kuota jua la Mombasa, ambao wengi wao wangeondoka baada ya majuma mawili na kuwapisha wengine.

Wageni wale walipenda kujifunza maneno machache ya Kiswahili ili wakawatambie jamaa zao huko makwao. Kalanda aliisikiliza haja hiyo. Alichukua maneno ambayo mhudumu wa hoteli huyatamka mara mia kwa siku, yaani kusalimu, kuulizana hali, kumkaribisha mgeni na kumtoa wasiwasi, akayapanga kwa namna ambayo asiyeijua lugha anaweza kuitikia papo hapo. Mwendo wa wimbo ni wa taratibu. Gitaa halikimbii, na hakuna neno lililofichwa ndani ya fumbo. Mtu akiusikia mara ya pili tayari anauimba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wimbo huo ulitolewa katika santuri ndogo, ikawa ndiyo santuri ya kwanza ya bendi hiyo. Bendi nyingi hutoa santuri ya kwanza kwa kubahatisha, kwa kuwa hazijui umma utapenda nini. Vijana hawa walikuwa katika hali tofauti, maana kila jioni walikuwa na wasikilizaji wapya wasiokuwa na sababu yoyote ya kuwapendelea. Wimbo uliowafanya wageni wa namna hiyo wainuke vitini haukuhitaji bahati. Katika miaka michache ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000, idadi kubwa mno kwa soko la Kenya la wakati ule. Mgeni aliinunua akaifunga ndani ya sanduku lake pamoja na kinyago na kikoi. Kwa njia hiyo santuri ilifika Ulaya bila bendi kulipa nauli.

Upande wa Uganda wimbo haukuja kwa njia ya watalii. Mawimbi ya redio hayaulizwi pasi pale Malaba wala Busia, na aliyekuwa na redio ya betri mjini Tororo aliweza kuisikiliza Sauti ya Kenya bila kutoka nyumbani. Hapa pana jambo ambalo wanaousifu wimbo huu mara nyingi hawalitaji. Kwa raia wengi wa Uganda wa miaka ile, Kiswahili kilikuwa sauti ya amri. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini tangazo halikukipatia mapenzi ya watu. Walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabara, kikitoka kwa mwenye bunduki, tena usiku. Askari mwadilifu aliyekitumia kwa heshima alibeba lawama za mwenzake aliyekitumia kutishia, na mke wake aliyekwenda sokoni na kukisema alitazamwa kwa shaka.

Kisha ukaja wimbo uliokitumia Kiswahili hicho hicho kumwuliza mtu hali yake. Haifai kudai kwamba santuri moja ilifuta hofu ya miaka mingi, haikufuta. Lakini mtoto aliyeuimba alikuwa na mlango mwingine wa kuingilia lugha hiyo, na mlango huo haukuwa na bunduki. Pengine ndiyo sababu wimbo wa watalii umedumu hata mahali ambapo mtalii ni nadra kuonekana.

Urahisi huo huo umewagharimu wenyewe. Mwaka 1983 Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani ya Magharibi na Frank Farian, lilitoa wimbo wake juu ya msingi huo, "Jambo – Hakuna Matata". Mombasa Roots waliuimba, Safari Sound Band nao wakauimba, na hoteli za pwani zikaufanya kama samani ya ukumbi. Ndipo ukaanza kudhaniwa kuwa ni wimbo wa kale usio na mwenyewe. "Malaika", aliourekodi Fadhili William, ulikwisha kupita njia hiyo, na mzozo wa nani hasa aliutunga umeendelea kwa miaka mingi.

Hata maneno mawili ya kumtuliza mgeni hayakusalimika. Baada ya filamu ya The Lion King kutoka mwaka 1994, kampuni ya Disney ya Marekani iliyasajili "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara ya mavazi, na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi zao kulipinga jambo hilo. Wanasheria walieleza kuwa alama ya biashara haimzuii mtu kuyasema maneno hayo. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanamkera mwenye lugha.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu atakayeingia darasani Nagongera atakuta wanafunzi wamekwisha kupata somo la kwanza kutoka kwa Kalanda. Itambidi awaeleze kwamba mtu humsalimu mwenzake kwa kusema "Hujambo?", naye hujibiwa "Sijambo", na kwamba "Jambo" tupu ndilo ambalo watu wa pwani humwachia mgeni.